Pepo Hayumo Ndani ya Mtoto

Wameanza tena. Kijana yeyote akionekana tofauti kidogo hapa kambini, lawama inaangukia filamu. Msichana amekataa mchumba aliyeletewa na shangazi: ni filamu. Mvulana anatembea na rafiki mmoja tu kutoka asubuhi mpaka jioni: ni filamu. Na sasa limeongezwa jipya, ati sisi tunaofanya kazi na vijana tunataka kuwaletea filamu za kutisha zenye roho ya ushoga ndani yake, na mtu akizitazama roho ile inamwingia kupitia macho.

Nataka kujibu. Najibu kwa maandishi kwa sababu kwenye mkutano wa kijiji mwenye sauti kubwa ndiye anashinda, na mimi sina sauti kubwa.

Jibu langu ni hili. Filamu hizo hazimgeuzi mtoto wa mtu. Zinaonyesha kitu tunachokifanya sisi wenyewe, nyumbani na kanisani, tena kwa upendo na kwa machozi: tunamfundisha mtoto kuogopa mwili wake, halafu akianza kutetemeka kwa hofu tuliyompa tunasema ana pepo. Ndiyo maana zinatuuma.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu tunazotazama tayari. Hakuna mtu hapa anayeogopa filamu za kutisha. Hapa Rwanda tumezikuta za agasobanuye, mtafsiri anaongea juu ya picha kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na vibanda vya video vinajaa. Nyumbani Kongo na Burundi tulikuwa na za Nigeria. Tangu Living in Bondage ya mwaka 1992, ambamo mwanaume anamtoa mke wake kafara ili awe tajiri na mzimu wa mke unamfuata mpaka anapata wokovu, tumekula filamu za aina hiyo kama ugali. Mchawi, nyoka, damu, kisha mchungaji anaingia na Biblia na mambo yanaisha. Watoto wa miaka saba wanakaa mstari wa mbele na hakuna mzee anayewatoa.

Hata The Exorcist ya Marekani, ya mwaka 1973, inapita kwenye flashi za watu hapa. Ndani yake kuna msichana wa miaka 12 ameingiwa na shetani. Anafungwa kitandani, anatukana, anageuka kitu cha kutisha, na mapadri wawili wanapambana juu ya mwili wake. Wazee wetu wanaipenda ile. Wanasema inafundisha.

Inafundisha nini? Inafundisha kwamba mtoto akibadilika, akiongea vibaya, mwili wake ukifanya mambo ambayo jana haukuyafanya, basi mwenye nyumba ndani yake ni mwingine. Ukishaamini hivyo unaweza kumfunga kamba na usihisi kitu, kwa sababu kwa akili yako unamfunga shetani. Unaweza kumnyima chakula, maana anayelia njaa ni pepo.

Sisi Wakongo tunajua somo hilo linaishia wapi. Kinshasa watoto wengi waliishia barabarani kwa sababu walisemwa ni wachawi. Kilichoanzisha ni kifo cha mzazi, au kazi ya baba iliyopotea, au mtoto anayekojoa kitandani, na kanisa la uamsho likathibitisha. Mambo yalifika pabaya mpaka sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 ikaweka adhabu ya kifungo kwa mtu anayemsingizia mtoto uchawi. Fikirini, ndugu zangu. Nchi yenye vita na shida zote zile ilibidi iandike kwenye sheria kwamba ni marufuku kumwita mtoto mchawi. Hakuna anayeandika sheria ya namna hiyo kama jambo lenyewe halitokei.

Sasa nije kwenye filamu inayoleta kelele. Inaitwa Thelma. Ilitengenezwa Norway mwaka 2017 na mwongozaji Joachim Trier. Wengi mnaoipinga hamjaiona, kwa hiyo niwasimulie.

Inaanza kwenye ziwa lililoganda kwa baridi. Baba anatembea juu ya barafu na binti yake mdogo, wanaenda kuwinda. Wanafika msituni, kulungu anatokea, mtoto anamtazama bila kupumua. Baba anainua bunduki. Halafu polepole anaigeuza na kuielekeza kwenye kichwa cha mtoto wake. Mtoto haoni, bado anaangalia mnyama. Baba anashindwa kufyatua.

Miaka inapita, na yule mtoto sasa ni mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Oslo. Anaitwa Thelma. Ni msichana wa sala, hanywi pombe, hana marafiki. Wazazi wake wanampigia simu kila mara, wanajua ratiba yake, wanajua anakula nini. Baba ni daktari, mtu mpole ambaye hapazi sauti. Lakini Thelma anakumbuka kwamba zamani baba huyo mpole alimshika mkono akauweka juu ya mshumaa, ili ajue jehanamu ikoje.

Siku moja maktabani anakuja msichana mwingine, Anja, anakaa karibu naye. Ni hilo tu, amekaa. Nje ndege wanagonga vioo vya madirisha. Mikono ya Thelma inaanza kutetemeka, na anaanguka chini mbele ya watu wote kama mwenye kifafa. Hospitali wanampima kichwa na hawapati kifafa. Wanamweleza kwamba mwili unaweza kuanguka hivyo kwa sababu ya mambo ambayo mtu ameyakandamiza moyoni.

Hapo nataka tusimame kidogo. Nani kati yetu hajaona wasichana wakianguka shuleni? Anaanza mmoja, wanafuata watatu, mpaka darasa zima. Walimu wanakimbia, mama mwombezi anaitwa, mafuta yanapakwa. Na ni nani kati yetu aliwahi kumkalisha mmoja wao kando na kumwuliza kwa upole: mwanangu, unaogopa nini?

Thelma anampenda Anja. Siku Anja anamshika mguu gizani, ndani ya ukumbi wa michezo, Thelma anatetemeka na vitu vizito vilivyoning'inia juu ya watu vinaanza kuyumba. Anatoka nje anakimbia. Kisha anapiga magoti na kumwomba Mungu amwondolee ile hamu. Na hapa ndipo filamu inakuwa ya kutisha kweli, kwa sababu Thelma ana uwezo ambao yeye mwenyewe haujui: kile anachokitaka kwa moyo wote kinatokea. Ameomba ondoa. Anja anatoweka.

Wazazi wanamrudisha nyumbani. Wanampa chai yenye dawa ya kumlegeza. Mlango wake unafungwa kwa nje. Tunapata kujua kwamba hata bibi yake alifanyiwa hivyo, yuko katika nyumba ya wazee, amelegezwa na dawa, haongei. Kwa familia hiyo kumzima mwanamke ni mila sasa.

Msiniambie filamu hii inamsifu msichana huyo. Haimsifu. Alipokuwa mdogo alisababisha kifo cha mdogo wake mchanga, na ile bunduki ya mwanzoni inatoka hapo. Baba hakuwa kichaa, alikuwa na msiba na hofu ya kweli. Lakini katika miaka yote hiyo hajamweleza mtoto wake kuna nini ndani yake na anaweza kukiongoza vipi. Amemfundisha aibu na moto wa mshumaa. Na karibu na mwisho, yule msichana aliyezimwa kwa dawa anamgusa mama yake aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu kwa miaka, na mama anasimama. Mkono uleule uliowekwa juu ya mshumaa ndio unaoponya.

Nani ni pepo katika hadithi hii? Mimi niliitazama mara tatu na sikumwona. Niliona wazazi wenye hofu na mtoto aliyejifunza kujichukia.

Kuna nyingine iliyo kongwe zaidi, Carrie, ya mwongozaji Brian De Palma, Marekani, mwaka 1976, kutoka kwenye riwaya ya Stephen King. Hii haihusu kupenda mtu wa jinsia moja, lakini mzizi ni uleule. Msichana anapata hedhi yake ya kwanza akiwa shuleni, bafuni, na anadhani anakufa. Wenzake wanamcheka na kumrushia pedi. Kwa nini hakujua? Kwa sababu mama yake, mwanamke wa dini kali, hakumwambia kitu. Anaporudi nyumbani mama anamwambia damu ni alama ya dhambi, anamfungia kwenye kichumba cha giza ili aombe. Tunajua moto unaofuata. Lakini moto ule uliwashwa pale bafuni.

Hapa kambini pedi zinagawiwa. Nimekaa na wasichana wa miaka 13 wenye pakiti mkononi ambao hawajui ni za nini, kwa sababu nyumbani mambo hayo ni mwiko na kanisani ni uchafu. Tumewapa kitu bila maneno. Halafu tunashangaa kwamba msichana wa miaka 15 ana mimba na anasema hakujua.

Kuna ya tatu, They/Them, ya John Logan, mwaka 2022. Kama filamu siyo nzuri sana, yule muuaji mwenye kinyago anaharibu hadithi. Ila naitaja kwa sababu ya mahali inapotokea. Ni kambini. Neno kambi kwao lina maana nyingine: ni mahali porini ambapo wazazi wanawapeleka vijana wao wiki moja ili wageuzwe waache kupenda watu wa jinsia yao. Kiongozi wa kambi anaongea kwa sauti tamu na anasema hamlazimishi mtu. Kadiri siku zinavyokwenda, utamu unaisha.

Hiyo siyo ndoto ya watengeneza filamu. Marekani lilikuwepo shirika la Kikristo lililoitwa Exodus International, lililoanza mwaka 1976 na kuunganisha huduma nyingi zilizoahidi kuwabadilisha watu kwa maombi na ushauri. Mwaka 2013 kiongozi wake, Alan Chambers, aliomba msamaha hadharani kwa maumivu waliyosababisha, na shirika likafungwa. Kabla ya hapo alishakiri kwamba karibu wote aliokutana nao hawakubadilika. Ni watu wenyewe waliokuwa wanaiuza dawa hiyo ndio waliosema haiponyi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa tangu mwaka 1990. Na mwaka 2020 mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa aliyekuwa anashughulikia mambo haya, Victor Madrigal-Borloz, aliziomba nchi zote zipige marufuku matibabu hayo ya kugeuza watu.

Huko wanafunga duka, huku kwetu bidhaa ileile bado inauzwa ikiwa mpya. Tunaiita ukombozi. Tunasema kijana ana mume wa usiku au mke wa usiku, ndiyo maana hataki kuoa. Nawafahamu vijana waliowekwa ndani siku tatu bila chakula, wakiwa hawajafikisha miaka 18, na watu wazima wakiwapigia kelele sikioni usiku kucha. Sitasema ni wa kijiji gani wala ni kanisa gani, kwa sababu nikisema, kesho watatafutwa wao, hawatatafutwa waliowafungia. Nitasema tu walivyotoka. Mmoja alitoka amekubali kila kitu alichosemewa na tangu siku hiyo hamtazami mtu usoni. Mwingine aliondoka kambini na hatujui yuko wapi. Mchungaji alihesabu wote wawili kama ushuhuda.

Sasa nijibu maneno ambayo najua yanakuja.

La kwanza: haya ni mambo ya wazungu. Sawa, Norway ni mbali. Lakini The Exorcist nayo ilitoka wapi? Na vitabu vya ukombozi vinavyouzwa mlangoni mwa kanisa, nusu yake vimetafsiriwa kutoka Kiingereza, vimeandikwa na nani? Hata sheria ya kuwaadhibu watu hawa, Burundi haikuwa nayo mpaka mwaka 2009. Kongo yetu haina kifungu kinachowataja. Rwanda, nchi iliyotupokea, haiwaadhibu. Tukitaka kuchuja mambo ya kigeni, basi tuchuje yote, tusichuje lile tu linalomtetea mtoto.

Tena siyo kweli kwamba hadithi hizi hazitoki kwetu. Monica Arac de Nyeko wa Uganda aliandika hadithi fupi ya wasichana wawili wanaopendana, Jambula Tree, na mwaka 2007 ikapata tuzo ya Caine. Mkenya Wanuri Kahiu aliichukua akatengeneza filamu ya Rafiki. Mwaka 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, na nyumbani ikapigwa marufuku. Mahakama ilipoiruhusu kwa siku saba tu, watu Nairobi walijaza kumbi. Hao walikuwa Waafrika waliolipa pesa yao kuangalia hadithi ya mtaa wao.

Rafiki ni filamu ya mapenzi, na ni nzuri. Lakini nitasema kitu ambacho labda wengine hawatakubali: kwa vijana wetu filamu ya kutisha inafika karibu zaidi. Sisi tumelelewa kwenye lugha ya mapepo. Mtoto wa hapa hawezi kusema nina wasiwasi kuhusu hisia zangu, maneno hayo ni ya semina. Anaweza kusema kuna kitu kinanikaba usiku. Anaweza kusema naogopa kuna kitu ndani yangu. Ukimpa filamu inayoanza palepale, kwenye hofu anayoijua, halafu ikamfikisha polepole mpaka mahali ambapo kumbe yule wa kutisha siye yeye, umeongea naye kwa lugha yake.

La pili: unapigana na Mungu. Hapana. Mimi ni mtu wa kanisa, naimba kwaya, na Jumapili mnaniona. Thelma naye anaomba, na maombi yake ni ya kweli kuliko ya watu wengi ninaowasikia kwenye kipaza sauti. Ugomvi wangu uko na mtu mzima anayemtumia Mungu kama ule mshumaa. Yesu walipomletea watoto aliwaweka mikono akawabariki. Sijasoma mahali alipowafungia ndani siku tatu bila maji.

La tatu, na hili naliheshimu: wazazi wanaogopa. Tumepoteza mashamba, nyumba, ndugu, hata makaburi ya watu wetu tumeyaacha. Kilichobaki ni watoto na jina la familia. Mama akisikia mtoto wake hataoa, anasikia ukoo unakatika hapa hapa, kwenye nchi ya watu. Naielewa hofu hiyo, mama. Lakini hofu hiyo ndiyo ya yule baba kwenye barafu. Alikuwa na sababu za kuogopa. Bunduki ilikuwa bado imeelekezwa kwa mtoto wake.

Nigeukie na ninyi, ndugu zangu wenye fulana za mashirika, maana gazeti hili mnalisoma na mara nyingine mnalipiga picha kwa ajili ya ripoti.

Tuliomba kuionyesha Thelma kwa vijana wa miaka 18 na zaidi, katika chumba cha vijana, mlango ukiwa umefungwa, na mazungumzo baadaye. Tulijibiwa kwamba haifai kwa mazingira ya hapa na kwamba viongozi wa dini watakasirika. Wiki hiyohiyo vipaza sauti vya ukombozi vilipiga mpaka saa nane za usiku, na hakuna ofisi iliyouliza kama hilo linafaa kwa mazingira. Kwa hiyo mazingira ni ya nani? Yule kijana anayefungiwa ndani si sehemu ya mazingira?

Mnatuambia msidhuru. Ni neno zuri. Lakini mmelipima upande mmoja tu. Mnahesabu kelele ya wazee kama madhara kwa sababu inafika ofisini. Kimya cha kijana hakifiki, basi hamkihesabu. Mwenye kidonda ndiye ajuaye maumivu yake, na mwenye kidonda hapa hana namba ya kesi, kwa sababu akija kuomba namba ya kesi atakutana kwenye foleni na jirani yake.

Na kuna jambo lingine. Mnapoamua kusaidia, mnakuja na shughuli inayomtaka kijana ajitambulishe. Fomu yenye kisanduku cha kuweka alama. Kikundi chenye jina ambalo kila mtu analijua maana yake. Mkutano kwenye hema lile, Alhamisi. Kijana akiingia hemani, kijiji kizima kimeshajua. Filamu haimwombi mtu ajitaje. Thelathini wanakaa gizani, wanatazama hadithi moja ya msichana wa mbali, na hakuna anayejua nani analia kwa sababu gani. Yule anayeogopa anapata hewa bila kuandikwa popote. Nani kati yenu ana njia ya bei rahisi kuliko hiyo?

Siombi filamu hizi ziwekwe uwanjani mbele ya watoto. Zina damu, zina mambo ya watu wazima, na sitaki mtoto wa miaka saba azione, kama ambavyo sitaki aone zile za mchawi na kafara anazoziona sasa. Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, vijana waliofikisha umri waachiwe watazame na kujadili, na anayetaka kupinga aje atazame mpaka mwisho, kisha apinge. Mchungaji akija tutampa kiti cha mbele na zamu ya kwanza ya kuongea. Nasema kwa dhati. Filamu ile ina maswali ambayo hata mimi sina majibu yake: kama Thelma anaweza kuleta kila anachokitamani, je, Anja alimpenda kwa hiari yake? Hayo ni mazungumzo ya maana kwa kijana yeyote, awe anampenda nani.

Pili, asiwepo mtu, wa kanisa au wa familia, anayemfungia kijana ndani au kumnyima chakula kwa jina la maombi. Kuomba omba. Mwekee mikono, imba, lia naye. Lakini mlango uwe wazi na sahani iwe na chakula. Maombi yanayohitaji kufuli siyo maombi.

Tatu, wafanyakazi wa ulinzi wa watoto wasiendelee kuuita ukombozi wa lazima kuwa ni mambo ya kitamaduni. Huko Kongo sheria imekataa mtoto asisingiziwe uchawi. Mkataba wa haki za mtoto wa mwaka 1989 mmeubandika ukutani kwenye ofisi zenu. Usomeni tena siku mtoto akifungiwa.

Nne, na hili ni letu wote: tusitengeneze orodha. Asiwepo anayeuliza ni nani, ni wa nyumba gani, anatembea na nani. Jirani zetu Uganda walipitisha mwaka 2023 sheria yenye adhabu hata ya kifo, na tunao ndugu kwenye kambi za kule. Jina linaloandikwa hapa kwa nia njema linaweza kufika mahali pengine kwa nia mbaya. Sisi watu wa kukimbia tunajua orodha ni nini. Tulikimbia orodha.

Najua baada ya maandishi haya wengine watasema na mimi nina roho ileile. Waseme. Nina miaka michache kwenye kazi hii na nimeshawazoea watu wanaotafuta pepo kwa mjumbe badala ya kusoma ujumbe. Lakini kabla hamjaniombea, nendeni kwenye kile chumba cha nyuma, mfungue mlango, mmtoe kijana aliyemo, mmpe uji. Mkishamaliza hiyo kazi, mimi nipo, njooni tuongee.